Asiyekuwepo na Lake Halipo: Somo Kuhusu Kijana, Biashara na Serikali ya Kaunti



Jarida letu huwa na makala kuhusu ngeli, methali na ushairi. Mwaka huu mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili ameniomba niandike somo tofauti kidogo: sheria za nchi yetu zinazomhusu kijana anayetaka kufanya biashara, na zile zinazomhusu kijana anayetaka kusikika katika serikali ya mashinani. Huenda ukaona mada hii ni kavu kama gunzi la mahindi. Subiri kidogo, ndugu yangu. Ni mada inayohusu tumbo lako na la mdogo wako.

Hebu tazama Kidato cha Nne. Watafanya KCSE, na kufikia Januari wengi wao watakuwa wametimiza miaka 18. Wachache wataenda vyuo vikuu, wengine vyuo vya ufundi, na waliobaki watarudi nyumbani Chebunyo. Huko nyumbani shamba la babu lilishagawanywa kwa baba na ndugu zake, na sasa linagawanywa tena. Zamani kijana wa pande zetu, ambako mvua ni ya wasiwasi na chai haioti vizuri, alipanda gari akaenda Konoin au Kericho kutafuta kibarua cha kuchuma majani chai. Siku hizi kibarua hicho kinafanywa na mashine. Mnamo Mei 2023 mashine za kuchuma chai ziliteketezwa huko Kericho na watu waliolalamika kwamba zinawanyang'anya kazi. Moto ulizimika, lakini kazi hazikurudi.

Basi swali letu ni hili: sheria imemwekea kijana wa namna hii nini? Nimesoma, nimeulizia sokoni, na nimeona kwamba imemwekea milango mitatu: mkopo, zabuni na sauti. Tutaipitia mmoja baada ya mwingine. Nakuomba uusome kwa makini zaidi ule wa tatu, kwa maana ndio ambao vijana wengi huupita bila kuugonga.

KIJANA NI NANI KISHERIA?

Mtaani mtu wa miaka 45 asiye na mke bado huitwa kijana. Sheria haitaki mzaha huo. Katiba ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, inaeleza katika Kifungu cha 260 kwamba vijana ni watu wote waliofikisha miaka 18 lakini hawajafikisha 35. Kwa hivyo una miaka 17 tu ya kuwa kijana kisheria. Ukiipoteza miaka mitano ukikaa kwenye kibanda cha boda boda ukilalamika, hiyo imeenda.

Kifungu cha 55 ndicho kifungu chetu hasa. Kinaiagiza serikali ichukue hatua za kuhakikisha kwamba vijana wanapata elimu na mafunzo yanayofaa, wanapata ajira, wanapata nafasi ya kuungana, kuwakilishwa na kushiriki katika siasa, uchumi na mambo mengine ya maisha, na wanalindwa dhidi ya mila zenye madhara na dhidi ya kunyonywa. Tazama jinsi kifungu hicho kimoja kinavyotaja ajira na uwakilishi pamoja. Waandishi wa Katiba hawakutenganisha mfuko wa kijana na mdomo wake. Sisi ndio huvitenganisha tunaposema, "Kijana hana haja ya siasa, haja yake ni mtaji." Tutaona kama kauli hiyo inasimama.

MLANGO WA KWANZA: MKOPO

Hata kabla ya Katiba mpya serikali ilikuwa imeanza kuwakopesha vijana. Mfuko wa Maendeleo ya Biashara za Vijana ulianzishwa Desemba 2006, ukafanywa shirika la serikali mwaka 2007. Baadaye ukaja Mfuko wa Uwezo. Huu una historia ya kupendeza. Katika uchaguzi wa 2013 shilingi bilioni 6 zilikuwa zimetengewa duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Duru hiyo haikufanyika, na pesa zile zikaelekezwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mfuko ulizinduliwa Septemba 2013, na kanuni zake zikachapishwa mwaka 2014. Halafu Novemba 2022 ukazinduliwa Mfuko wa Hasla, ambao ulianza kwa kumkopesha mtu mmoja mmoja kupitia simu kuanzia shilingi 500 hadi 50,000. Mwaka 2025 vijana wakaanza kusikia habari za NYOTA, mradi unaotoa ruzuku ya shilingi 50,000 kwa vijana wachache waliochaguliwa katika kila wadi.

Majina hubadilika. Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mpango wa kuunganisha mashirika kadhaa ya serikali, na mifuko ya vijana, ya wanawake na ya Uwezo ikiwemo. Kwa hivyo usikariri jina la mfuko kama shairi la mtihani. Kariri utaratibu, maana utaratibu haubadiliki sana.

Utaratibu wenyewe ni upi? Tuchukue mfano wa Uwezo kwa mujibu wa kanuni za 2014. Kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti ya benki na mazoea ya kuweka akiba pamoja, kinaweza kukopa kati ya shilingi 50,000 na 500,000. Hakuna riba. Kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3 peke yake. Yaani kikundi kikikopa 150,000, ada ni 4,500. Linganisha na yule shylock wa sokoni anayedai asilimia 20 kwa mwezi! Usajili wa vikundi nao una sheria yake, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Inataka wanachama, viongozi na katiba ya kikundi. Naam, katiba. Hapa ndipo somo la insha za kiuamilifu linapolipa. Mwanafunzi aliyejifunza kuandika kumbukumbu za mkutano darasani ndiye atakayefanywa katibu wa kikundi, na vitabu vya kikundi kama havijakaa sawa hakuna ofisa atakayekitazama mara ya pili.

Nina jamaa mmoja, mtoto wa baba mkubwa, ambaye pamoja na wenzake kumi na mmoja wana kikundi cha kukusanya na kuuza maziwa. Walianza kwa kuchanga shilingi 200 kila mmoja kwa wiki. Piga hesabu: watu 12 mara 200 ni 2,400 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni 124,800. Hawakuanza na mkopo, ni nidhamu iliyowaanzisha. Akiba hiyo ndiyo iliyowafanya waaminike, wakakopeshwa, wakanunua pikipiki ya pili na mitungi ya alumini. Watu wakawasifu, nasi nyumbani tukafurahi.

Lakini sikiliza kilichofuata. Mvua ya masika iliponyesha, barabara kutoka kwenye maboma hadi kituoni ikawa tope jekundu. Pikipiki zikalala njiani. Maziwa ya asubuhi yakafika saa saba mchana, yameganda. Kila siku ya mvua walimwaga lita kadhaa, na mkopo haujui mvua wala jua, marejesho ni marejesho. Nilimuuliza:

"Kaka, ile barabara ni ya nani?"

"Ya kaunti."

"Na nyinyi mliwahi kwenda kwenye kikao cha bajeti ya wadi mkasema habari zake?"

"Kile cha wazee? Ah! Wanaenda wale wa kula soda. Sisi tuko kazini bwana."

Nitarudi kwenye jibu hilo hivi punde. Kwanza tuumalize mlango wa pili.

MLANGO WA PILI: ZABUNI

Serikali ndiye mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini. Hununua madawati, chaki, unga, mafuta, saruji na hata huduma ya kufagia. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inaagiza kwamba kila taasisi ya umma itenge angalau asilimia 30 ya thamani ya ununuzi wake wa mwaka kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mpango huu unajulikana kwa jina AGPO.

Tufanye hesabu. Tuseme taasisi moja inanunua vitu vya shilingi 10,000,000 kwa mwaka. Asilimia 30 ni 3,000,000. Hizo ni lazima ziende kwa makundi hayo matatu. Wala usifikirie Nairobi na majumba ya ghorofa. Shule ya umma kama yetu nayo ni taasisi inayobanwa na sheria hiyo. Maharagwe tunayokula kila siku, maziwa ya chai ya saa nne, kuni za jikoni na vitabu vya kuandikia vyote ni ununuzi wa umma. Yaani aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka juzi anaweza, kisheria kabisa, kuwa ndiye anayetuletea maharagwe.

Masharti ni haya. Biashara iwe imesajiliwa, iwe na PIN ya KRA, na angalau asilimia 70 ya wenyewe wawe vijana. Uongozi uwe wa vijana kwa asilimia 100. Ukitimiza hayo unaomba cheti cha AGPO kutoka Hazina ya Taifa, na cheti hicho hakilipiwi. Mtu akikuambia umpe "ya chai" ili akupatie, ujue unaibiwa.

Mlango huu una visiki viwili. Kisiki cha kwanza ni kuchelewa kwa malipo. Madeni ambayo serikali kuu na za kaunti zinadaiwa na wafanyabiashara yamekuwa kilio cha nchi nzima kwa miaka mingi. Mfanyabiashara mkubwa anaweza kungoja malipo miezi minane. Kijana aliyekopa ili apeleke unga, akingoja miezi minane, amekwisha. Kwa hivyo anza na zabuni ndogo ambayo hata ikichelewa kulipwa hutauza ng'ombe wa mama.

Kisiki cha pili ni ujanja. Kuna wazee wenye mali ambao huandikisha kampuni kwa majina ya vijana, kijana akatia sahihi, akapewa elfu tano, na faida ikaenda kwingine. Tamaa hapa ni mbaya, maana jina ni lako. Kodi isipolipwa, KRA hawatamtafuta mzee, watakutafuta wewe.

MLANGO WA TATU: SAUTI

Sasa turudi kwa "kile kikao cha wazee".

Katiba ilipounda kaunti 47, ilieleza katika Kifungu cha 174 kwamba mojawapo ya malengo ya ugatuzi ni kuwapa wananchi uwezo wa kujitawala na kushiriki katika maamuzi yanayowahusu. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake hadharani na liwashirikishe wananchi. Jedwali la Nne la Katiba nalo linaorodhesha kazi za kaunti. Ukilisoma utadhani lilitungwa na mtu anayeijua Chebunyo: kilimo na mifugo, masoko, leseni za biashara, barabara za kaunti, maji, vyuo vya ufundi vya vijijini. Kaunti yetu ya Bomet ilikuwa na watu 875,689 katika sensa ya 2019. Ina maeneo bunge matano na wadi 25, na Chebunyo ni mojawapo ya wadi za Chepalungu. Yaani kila jambo linalomfanya muuza maziwa afaulu au afilisike linaamuliwa Bomet mjini na katika vikao vya wadi, si Nairobi.

Sasa kila uamuzi una tarehe yake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka kalenda, na ningependa kila msomaji aibandike juu ya kitanda chake bwenini:

1. Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata uwe umefika katika bunge la kaunti. Miradi huanza kutajwa hapa.
2. Kufikia tarehe 28 Februari, taarifa ya mkakati wa fedha wa kaunti iwe imewasilishwa. Kila idara hujua hapa itapewa kiasi gani.
3. Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti yawe yamewasilishwa.
4. Kufikia tarehe 30 Juni, bajeti iwe imepitishwa, na tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza.

Ukiitazama kalenda hii utaelewa kwa nini malalamiko mengi ya vijana hayazai matunda. Wengi huja kudai barabara mwezi wa Juni. Ndugu yangu, kuja Juni ni kuja kuomba ugali sufuria ikishaoshwa. Barabara hutajwa Julai na Agosti, kabla ya ile tarehe 1 Septemba, wakati ambapo hakuna kelele na kikao kina watu thelathini tu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii tunaifasiri kila mwaka katika mtihani, lakini nadhani ni sheria ya bajeti ndiyo inayoifasiri vizuri zaidi.

Wale vijana wa maziwa hatimaye walikwenda. Walichagua wawili wakawaacha kumi kazini, kwa sababu kweli kazi haiwezi kusimama. Waliandika ukurasa mmoja: barabara inaanzia wapi na kuishia wapi, maboma mangapi yanaitegemea, lita ngapi zilimwagika katika miezi miwili ya mvua. Wazee waliokuwepo hawakuwakejeli. Mmoja aliwaambia, "Wanangu, hata sisi tulijua barabara ni mbaya, lakini hatukujua ni lita ngapi." Barabara ile imeandikwa katika orodha ya mapendekezo ya wadi. Changarawe bado hatujaiona, sitawadanganya. Lakini kitu kisichoandikwa hakina hata nafasi ya kucheleweshwa.

JE, KIJANA ANA KITI?

Kusema kikaoni ni jambo moja, kuwa na kiti ni jambo lingine. Hapa sheria zetu zimempunja kijana kidogo, na ni vizuri tuseme wazi.

Katika ngazi ya taifa, Katiba imetenga viti viwili vya vijana katika Seneti, cha mwanamume na cha mwanamke. Katika bunge la kaunti, Kifungu cha 177 kinataka kuwe na wawakilishi wa makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu na vijana. Lakini wote hao huteuliwa kupitia orodha za vyama vya siasa. Kijana hachaguliwi na vijana wenzake, anachaguliwa na chama.

Kuna jambo lililonishangaza zaidi. Ile Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma iliunda, katika kifungu cha 137, Jukwaa la Bajeti na Uchumi katika kila kaunti. Hapo gavana na mawaziri wake hukaa pamoja na raia kujadili bajeti. Sheria ilipotungwa mwaka 2012 iliwataja raia hao kuwa ni wawakilishi wa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Nilisoma orodha mara tatu. Wazee wamo. Vijana hawamo!

Tutafanya nini basi? Kulia hakusaidii. Soma orodha tena polepole: "wafanyabiashara". Kijana mwenye biashara iliyosajiliwa, mwenye chama cha wauza maziwa, wa boda boda au wa mafundi wa jua kali, anaweza kupendekezwa na wafanyabiashara wenzake. Hapa ndipo milango mitatu inapokutana. Biashara humpa kijana haki ya kusikilizwa kama mtu mwenye jambo la kusema, na kusikilizwa humpa barabara, soko na josho vinavyoifanya biashara iishi. Anayekopa bila kusema anakopa juu ya tope. Anayesema bila kazi yoyote mkononi, wazee humwambia akae chini.

JIRANI ZETU WAMEFANYAJE?

Tuvuke mpaka. Nchini Uganda, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 imeweka viti vya vijana wawili katika baraza la wilaya, mmoja wao akiwa wa kike. Bunge lao nalo lina wabunge wa vijana.

Tukienda mbali zaidi, Ufilipino wamefika hatua ambayo huku tungeiita ndoto. Kule kata ndogo huitwa barangay. Tangu sheria yao ya serikali za mitaa ya mwaka 1991, kila barangay ina baraza la vijana linaloitwa Sangguniang Kabataan. Lina mwenyekiti na wajumbe saba. Wanaolipigia kura ni vijana wenyewe, kuanzia umri wa miaka 15 hadi 30. Mwenyekiti wake huingia moja kwa moja katika baraza la watu wazima, na asilimia 10 ya mfuko mkuu wa barangay hutengewa vijana.

Je, mambo yote ni asali huko? La. Watu walilalamika kwamba viti vile vimekuwa vya watoto wa wakubwa na kwamba vijana wanajifunza ufisadi mapema. Baada ya uchaguzi wa 2010 hawakuchagua tena baraza hilo hadi 2018. Sheria ya marekebisho, iliyotiwa sahihi Januari 2016, ikataka wagombea wawe na miaka 18 hadi 24, na ikamzuia kugombea mtu aliye jamaa wa karibu wa kiongozi aliyechaguliwa. Mwaka 2015 wakatunga pia sheria ya kukuza ujasiriamali wa vijana, inayotaka elimu ya biashara na ya fedha ifundishwe shuleni.

Tunajifunza nini? Kwamba kiti peke yake si dawa. Kiti bila uaminifu humfanya kijana awe mzee mbaya kabla ya wakati wake. Lakini tunajifunza pia kwamba inawezekana kijana wa miaka 15 kupiga kura ya mambo ya kijiji chake na jua likachomoza kesho yake kama kawaida.

Hata kwetu kuna waliothubutu. Mwaka 2017 John Paul Mwirigi alichaguliwa mbunge wa Igembe Kusini akiwa na miaka 23, tena kama mgombea huru. Mwaka huohuo huko Nandi, Cynthia Muge alichaguliwa mwakilishi wa wadi ya Kilibwoni, naye pia bila chama, akiwa bado katika miaka ya ishirini. Na hapa kwetu Bomet, katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, Linet Chepkorir, maarufu kama Toto, alichaguliwa Mwakilishi wa Wanawake akiwa na miaka 24. Sisemi umpende au usimpende yeyote kati yao. Hiyo ni siasa, na jarida hili si jukwaa la chama. Nasema tu kwamba sheria inayomruhusu mpiga kura wa miaka 18 kugombea udiwani si maandishi ya mapambo.

MWANAFUNZI AFANYE NINI LEO?

"Mimi nina miaka 16, haya yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Kura inangoja miaka 18, lakini kuandika ombi hakungoji. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inarudia haki hiyo katika kifungu cha 88. Haikusema "kila mtu mzima". Darasa zima linaweza kuandika ombi kuhusu daraja la wapitao kwa miguu au tangi la maji, mradi liandikwe kwa adabu, kwa hoja na kwa takwimu.

Wewe wa Kidato cha Nne, orodha yako ni fupi: kitambulisho mara tu utakapotimiza miaka 18, kisha usajili wa kura, maana Katiba inaweka uchaguzi mkuu ujao tarehe 10 Agosti 2027. Halafu tafuta wenzako waaminifu, anzeni kuchanga hata shilingi 50. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wewe wa vidato vya chini, jifunze kuandika kumbukumbu, barua rasmi na ripoti. Hizi si insha za kumfurahisha mtahini. Ndizo funguo za milango yote mitatu niliyoitaja.

Na nyinyi walimu na wazazi, mkisikia tangazo la kikao cha bajeti kanisani au kwenye baraza la chifu, tafadhalini mtuambie. Tangazo likibandikwa ofisini peke yake, kijana aliye mtoni akinywesha ng'ombe hatalisoma.

MSAMIATI WA SOMO

Ugatuzi: kugawa mamlaka na fedha kutoka serikali kuu hadi za kaunti.
Zabuni: maombi ya kuuza bidhaa au huduma kwa bei unayotaja, ukishindana na wengine.
Makadirio: hesabu ya mapato na matumizi yanayotarajiwa.
Ruzuku: pesa zinazotolewa bila kudaiwa kurudishwa.
Marejesho: pesa za kulipia mkopo kidogo kidogo.
Mgombea huru: anayewania kiti bila kudhaminiwa na chama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKAO CHA CHAMA

1. Eleza maana ya methali "Asiyekuwepo na lake halipo" ukiihusisha na kalenda ya bajeti ya kaunti.
2. Kikundi cha watu 15 kinachanga shilingi 100 kila mmoja kwa wiki. Kitakuwa na akiba ya kiasi gani baada ya wiki 52?
3. Je, ingefaa Kenya iwe na mabaraza ya vijana yenye bajeti yake katika kila wadi, kama Ufilipino? Toa hoja mbili za kuunga mkono na mbili za kupinga.
4. Andika ombi la ukurasa mmoja kwa bunge la kaunti kuhusu jambo moja linalowasumbua watu wa kijiji chako. Tia takwimu ulizozikusanya mwenyewe.

Ombi litakalokuwa bora zaidi, chama kimekubali kulipeleka katika ofisi ya wadi kabla ya mwisho wa Agosti.